Zamu ya Mabwawa

Mwezi wa saba, Iringa, mabwawa yanafuka
kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.
Maji ya watu yana joto kuliko hewa ya Mungu.
Nimesimama ukingoni na koti la marehemu baba,
nasubiri vidole vinirudie nishike kalamu.

Mji huniletea habari zake kabla haujaamka.
Jumamosi ni povu, mashuka ya mabweni kwa mpigo.
Ramadhani, bomba hunguruma saa kumi usiku:
Mlandege wamekula daku.
Krismasi, mafuta yameganda juu kama ukoko.
Masika, ulanzi ukikolea vilabuni,
yanakuja mengi, yanakuja mepesi,
nami siulizi.

Chujio ni nondo kumi na nne na reki ya mpini mrefu.
Hukwama matambara, nywele za bandia,
simu ya laini mbili,
barua iliyochanwa vipande saba
(sita niliviunganisha, cha saba nikakiachia maji).

Kisha mwalimu.
Alishuka toka Gangilonga na fimbo, tai shingoni,
kiganja mbele ya mdomo.
Mwalimu Mfilinge, aliyenichapa kwa hesabu za sehemu,
alisimama nje ya wavu akasema, Kamwene,
na neno likatoka na upepo mwingi.
Nikajua.
Yalikuwa yananing'inia msumarini tangu Jumanne,
ndani ya mfuko wa nailoni, nimeyachemsha mara mbili:
meno ya juu, meupe kupita haki.
Aliyapokea kwa leso. Akatazama mabwawa,
la kwanza jeusi, la pili kama supu ya mboga,
la tatu ambamo bata wanaogelea bila aibu yoyote.
"Usimwambie mtu, Luhwago."
"Mwalimu, kutomwambia mtu ndiyo kazi yenyewe."

Kanisani benchi husogea nikikaa.
Mama mkwe ananitengea kikombe.
Wanachokikimbia kilitoka kwao juzi,
mimi nimekiona tu mara ya pili.

Na kwangu, juu huku kwenye mawe, bomba halijafika.
Nina shimo, na gari la Chengula la kunyonya
ambalo huja likijisikia, na usiku lina bei nyingine.
Analileta hapahapa, analimwaga, nasaini.
Siku moja nilijisainia mwenyewe.

Mwaka juzi walitukusanya semina, watu wa mabwawa wa nchi nzima.
Tulikaa kama wazazi wa watoto watundu:
La kwenu linanuka? La kwanza tu.
Wa Mbeya alilalamikia baridi,
vijidudu vyake, alisema, vinasinzia kama waumini wa ibada ya pili.
Wa Songea alikuja na picha za nyasi zake, akazipitisha meza hadi meza.
Tulicheka sana. Ilikuwa mara ya kwanza
kukaa kwenye chumba ambacho hakuna aliyesogea.

Hapa hakuna haraka.
Ni jua, upepo, siku ishirini na kitu,
na viumbe visivyoonekana vinavyokula bila kushukuru.
Ukitaka kuona muujiza, njoo na kiti.

Chini ya tuta la mwisho Mama Kihongosi
amechepusha mfereji kwenye figiri zake.
Nilimwambia, maji haya bado, panda basi mahindi.
Akainua jembe, akaliteremsha.
"Wewe una maji ya kupima. Mimi nina watoto wanne."
Sikuliandika. Daftari halina safu yake.
Jumapili alinitumia fungu la figiri, limefungwa kwa mgomba.
Nililiosha. Nikaliosha tena. Nikalitazama
mpaka mkaa ukazima.

Saa kumi na mbili na robo. Baridi.
Bwawa la tatu: kijani. Bata: kumi na mmoja.
Harufu: ya kawaida.
Ruaha Mdogo unapokea.